Asiambiwe Mpaka Amalize

Daktari alikuwa amenitoa mtoto wa jicho upande wa kulia, akanifunga bandeji, akasema nisiiname, nisilie, nisibebe kitu kizito. Wiki iliyopita niliinama. Nilikuwa natafuta khanga yangu nyeusi kabatini, na kwa jicho moja kabati ni pango, kwa hiyo nilitafuta kwa mkono na kwa pua. Khanga zangu zinanuka udi. Lakini kabla ya udi ikanijia harufu nyingine, ya ngozi, ya jasho la zamani na mafuta ya nazi, nikajua nimeshika nini kabla sijakitoa. Glovu ya mjukuu wangu Rajabu. Si ya kuvaa wakati wa baridi. Ni ile ya besiboli anayovaa mdakaji mkono mmoja, nene kama mkate wa boflo. Wenzake walinunua dawa ya dukani ya kulainishia ngozi. Mimi ya kwake niliipaka mafuta ya nazi jioni baada ya jioni, ikawa laini kuliko zote pale chuoni. Nalisema hilo kwa majivuno na sitaomba radhi.

Nikakaa sakafuni nayo mapajani. Khanga nikaiacha kwanza. Nitawaambia baadaye ilikuwa ya nini.

Nyinyi wa rika langu mnajua: umri huu harufu haikupeleki mahali pamoja ikakutua. Ile ilinipeleka uwanjani Virginia, Marekani, halafu bila kunipumzisha ikanitupa Kondoa, kwenye wiki ya mtihani wangu wa darasa la nne. Nianze na Kondoa. Bila Kondoa mtaniona mwanamke mbaya.

Shule ilikuwa mbali na kwetu, kwa hiyo wiki ya mtihani nilipelekwa kukaa kwa shangazi Hadija, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na shule. Mama alikuwa anaumwa tumbo. Nilipomuaga alikuwa amelala ubavu, amempakata mdogo wangu Mwajuma ambaye alikuwa hajaacha ziwa. Akaniambia, "Nenda ukaandike vizuri. Usiandike kama kuku anachakura." Nikacheka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, ya kuku.

Siku ya kwanza ya mtihani ilikuwa siku tu. Uji, njia, mtihani, kurudi. Siku ya pili dunia ikageuka ikawa nzuri. Shangazi alinichemshia yai. Yai zima! Kwetu yai lilikuwa la mgeni, au la kuuzwa gulioni. Nikamuuliza, "La nani hili, shangazi?"

"Lako. Kula."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni moshi," akasema, na kuni siku hiyo zilikuwa kavu, hazikutoa moshi wa kumliza hata mbu. Niliona. Lakini nilikuwa na yai mkononi.

Shuleni mwalimu, ambaye kabla ya hapo alinigusa kwa fimbo tu, alinishika bega akanipa penseli mpya. Msichana mmoja aliyekuwa adui yangu kwenye rede, aliyekuwa akinilenga na mpira wa matambara kama ananitoa roho, alinikatia nusu ya muwa wake bila kuombwa. Watu wazima niliowapita njiani walinyamaza, wakanitazama, wakasema, "Pole na mtihani, mwanangu." Nami nikapata jibu la mambo yote hayo: wamejua nina akili. Siku ya tatu lilikuja yai jingine. Nikalila taratibu, nikikiramba kiini chake vidoleni, nikitembea kifua mbele kama mke wa jumbe.

Jioni hiyo shangazi alinirudisha nyumbani. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji ya kujaa. Tulipomaliza kilima cha mwisho nikaona moshi uani kwetu, masufuria makubwa, watu wamejaa, wanaume wamekaa kwenye mikeka. Nikadhani wananipikia mimi. Wallahi, ndivyo nilivyodhani. Nilimponyoka shangazi, nikateremka mbio penseli nimeinyanyua juu, nikaingia katikati ya watu wazima nikipiga kelele, "Nimemaliza! Nimemaliza!"

Wanawake waliangua kilio kwa mara moja, kama paa la bati lililopigwa na mvua ya mawe. Mimi nilikuwa bado nacheka. Nilihitaji muda kidogo kuufuta mdomo wangu ule uliocheka.

Mama alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku ya pili, akazikwa asubuhi. Wakati mimi nakula yai la kwanza, wao walikuwa wanachimba. Baba alinivuta akanikalisha mkekani karibu naye, akasema, na alisema kwa huruma, "Tulipatana usiambiwe mpaka umalize." Majibu yalipokuja nilikuwa nimefaulu. Hayakunifaa kitu. Mwajuma alikuwa mgongoni kwangu, nami nilikuwa jikoni, na hapo ndipo shule yangu ilipoishia.

Sikula yai tena. Na nikaapa, kwa akili ile ya mtoto, kwamba mimi mtu akifiwa nitamwambia, hata awe anatembea juu ya kamba.

Sasa nivuke maji. Binti yangu Zaina alifika Marekani kabla yangu, akawa msaidizi wa wauguzi hospitalini, zamu ya usiku. Akanileta nimlelee mtoto wake Rajabu, wakati huo yuko darasa la kwanza. Tulikaa Landover, ghorofa ya pili. Nilikwenda kulea, nikajikuta nalelewa. Rajabu ndiye aliyenisomea vibao, ndiye aliyenishika mkono kuvuka barabara ya njia sita, ndiye aliyesema na mwenye nyumba. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tukaelewana hivyo hivyo kama mbuzi na mchungaji.

Akakua akawa mrefu, akaingia chuo kimoja upande wa Virginia, akawa mdakaji wa timu ya besiboli. Mdakaji anachuchumaa mchezo mzima kama mama anayepuliza moto, kinyago usoni, na mwenzake anamrushia mpira mgumu kama jiwe. Nilipoona mara ya kwanza nilifumba macho. Mtoto wangu anapigwa mawe na watu wanakula karanga! Lakini alikuwa haangushi. Hilo nilijifunza kulitazama.

Kocha wao alikuwa mtu mgumu na mimi nilimpenda. Mchezaji akianguka somo, hachezi. Akimtukana mtu, hachezi. Na kila wiki kila mchezaji lazima akawatumikie watu wasiomlipa. Wenzake walipaka rangi uzio. Rajabu akaenda kwenye nyumba ya wazee njia ya Greenbelt, kwa sababu pale alifanya kazi dada mmoja Mkenya, Wanjiru, rafiki ya Zaina, naye alituambia, "Tuko na mzee wa Tanga pale, stroke imemtoa Kizungu chote. Anaongea Kiswahili peke yake, na mimi siko kila siku. Watu wanadhani amechanganyikiwa."

Huyo alikuwa Mzee Shomari. Alipikia watu melini ujana wake wote, hakuoa akakaa, hakuwa na mtoto. Rajabu alikwenda Alhamisi ya kwanza kwa amri ya kocha. Alhamisi ya kumi hakuna aliyekumbuka amri. Alimkata kucha, alimnyoa, alimsukuma na kiti cha magurudumu mpaka dirishani. Kiswahili chake kibovu kilinyooka pale. Nami nilikwenda naye, na maharage yangu ya nazi kwenye kontena.

"Rajabu," mzee alikuwa akisema nikiingia, "mwambie bibi yako mahari ninayo. Ni hiki kiti."

"Kiti chenyewe cha serikali!" nikamjibu.

"Basi nitamwoa kwa mkopo. Wewe kijana, umechelewa. Mke nimekunyang'anya."

"Babu, huyu mke ni mkali," Rajabu akasema. "She will beat you."

Siku moja mzee hakutania. Alimshika Rajabu mkono ule wa kudakia, ulioota sugu. Akasema, "Mimi sina mtoto wa kushuka kaburini kunipokea. Kwetu maiti haitupwi, inashushwa, na wa chini wanadaka. Wewe si mdakaji? Siku yangu ikifika, shuka wewe. Unidake vizuri, nisianguke."

"Naahidi, Babu."

"Sema tena."

"Naahidi."

Nilikuwepo. Nilisikia mara zote mbili. Mambo hayo mawili, kwamba nilikuwepo na kwamba nilisikia, sijawahi kupata njia ya kuyazunguka.

Ikaja siku moja ya masika ya kule, miti imechanua maua meupe. Siku hiyo Rajabu alikuwa na mtihani wa baiolojia asubuhi saa tatu, na saa saba mchezo, na kwenye mchezo huo angekuja mtu kutoka chuo kikuu kikubwa kumtazama yeye. Akimpenda, Rajabu angehamia kule, masomo na mchezo pamoja. Wiki nzima hakulala vizuri. Aliondoka alfajiri na begi lake. Zaina alikuwa hajarudi zamu.

Saa mbili simu ikalia. Ni Wanjiru. "Nyanya," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita bibi, "Mzee Shomari ametuacha. Saa kumi na moja asubuhi. Watu wa msikiti wameshakuja, watamwosha, wanazika leo baada ya alasiri. Ambia Rajabu. Wanaume ni wachache, leo ni siku ya kazi."

Ukutani kando ya simu Rajabu alikuwa amenibandikia karatasi. Namba za pija yake, kile kidude cha kuitwa alichovaa kiunoni, zimeandikwa kubwa ili nizifuatishe moja moja kwa kidole. Nikiibonyeza, inamlilia popote alipo, ananipigia. Nilikuwa nimeitumia kumwuliza alipoweka chumvi. Nikanyanyua mkono wa simu. Nikabonyeza namba tatu. Nikaurudisha.

Mtihani saa tatu, nikajiambia. Nani anamwambia mtoto msiba mlangoni kwa mtihani?

Nikahesabu. Mpira wa miguu ninaujua: dakika arobaini na tano, mapumziko, nyingine arobaini na tano. Wakianza saa saba, saa tisa wamemaliza. Makaburi ni nusu saa kwa gari. Alasiri siku hizo ilikuwa karibu na saa kumi na moja. Atafanya mtihani, atacheza, nitamwambia, atafika, atashuka kaburini. Hakuna kitakachoharibika. Nilijiona nina akili.

Zaina aliporudi nilimweleza. Alikaa kitini na viatu vyake vyeupe vya kazi. "Mama, alimwahidi yule mzee."

"Na atatimiza. Mchezo ukiisha."

"Mwambie sasa."

"Asiambiwe mpaka amalize."

Maneno yale yalitoka mdomoni kwangu na sauti ya baba. Zaina akainama kuvua viatu, alikuwa amesimama kwa miguu usiku kucha. Jikoni kitu kikagonga sufuria. Nikaenda kutazama. Ni mayai manne yanachemka. Sikumbuki kuyaweka. Mimi, ambaye mayai nilikuwa sipiki.

Uwanjani tulikaa kwenye mabenchi ya bati. Rajabu alituona akaja kwenye wavu akiwa na kinyago amekiinua kichwani, anacheka mpaka masikioni. "Bibi! Mtihani, easy! Nimepiga yote!" Nikampitishia yai kwenye tundu la wavu. Akalitazama. "Eggs? Bibi, leo ni Idi?"

"Kula," nikamwambia.

Akala. Alilimaliza kwa kung'ata mara mbili tu, akafuta mdomo kwa mgongo wa glovu, akakimbia.

Saa nane. Saa tisa. Sikuelewa nani anashinda. Walitoka, wakaingia, wakasimama, wakatema mate. Mama wa Kizungu kando yangu alinipa karanga na kunipigapiga goti kila Rajabu akidaka. Mtu wa chuo kikuu alikuwa nyuma ya wavu, kofia, daftari, anaandika. Nilimtazama mkono wake kuliko nilivyotazama mpira.

Saa tisa na nusu nikamgusa Zaina. "Refa anangoja nini? Saa yake imesimama?"

"Mama, besiboli haina saa."

"Haina saa vipi?"

"Haina dakika. Wanacheza mizunguko tisa. Wakiwa sawa wanaendelea mpaka mmoja ashinde."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Miaka yote ile nilikuwa nimemfulia jezi, nimemlainishia glovu, na nilikuwa sijui kitu hicho kimoja. Wakamaliza mizunguko tisa wakiwa sawa. Watu wakapiga makofi kwa furaha, wakasema mchezo mtamu. Kivuli cha mabenchi kikaanza kutambaa kwenye majani, nami nikakitazama kama mtu anayetazama maji yanaingia ndani ya nyumba.

Niliinuka. Nilishuka ngazi zile za bati nimeshika khanga yangu, nikafika kwenye wavu. Rajabu akaja. Jasho, vumbi, meno. "Bibi, yule mtu, he talked to Coach! Anauliza habari zangu!"

Neno lilikuwa limefika hapa, kwenye meno. Nilimwona alivyo, nikajiona mimi njiani na penseli mpya. Nikatia mkono kwenye mkoba.

"Kula yai jingine," nikasema.

Nikarudi kukaa. Zaina aliangalia saa yake. Baadaye akaacha kuiangalia.

Katika mzunguko wa kumi na tatu mtu wa timu nyingine alikuja mbio kutoka pembeni, jitu, likamvaa Rajabu kwenye kibao cha nyumbani, kile anachokilinda mdakaji bao lisiingie, wakaanguka wote, vumbi likawafunika. Vumbi lilipotulia alikuwa chini chali, mkono umenyooshwa juu, na mpira umo ndani ya glovu. Hakuuangusha. Ilipofika zamu yao ya kupiga, mwenzake Rajabu akaupiga mpira mbali, ikawa wameshinda. Saa ilikuwa kumi na moja na nusu.

Alitoka uwanjani mbio. Aliruka uzio mdogo, akapanda mabenchi mawili mawili, mikono juu, glovu juu. "Nimemaliza, Bibi! Wananitaka! Nimemaliza!"

Mimi na Zaina tulikuwa tunalia. Alitukumbatia wote wawili kwa mara moja, akatubana. "Don't cry," akasema, anacheka. "Bibi, don't cry, tumeshinda."

Nilimshika uso. Nilikuwa na mdomo wake ule unaocheka katikati ya viganja vyangu, na mimi peke yangu katika uwanja ule nilijua kitakachoupata.

"Mzee Shomari amefariki," nikasema. "Alfajiri."

Hakulia hapo. Aliuliza, "Saa ngapi uliambiwa?" Nikamjibu, saa mbili. Akateremka mpaka kwenye gari. Njiani alivua viatu vile vya njumu, soksi zimejaa mchanga mwekundu. Alisema kitu kimoja tu, kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mzee yule: "Ilikuwa yangu kuchagua, Bibi."

Tulikuta kaburi limeshafukiwa. Wanjiru alikuwa amesimama mbali kidogo na sare yake ya kazi, peke yake, amengoja mtu wa kwetu afike. "Walikuwa watano," akatuambia. "Mmoja mgongo wake ni mbaya. Dereva wa gari la maiti alishuka chini kusaidia." Rajabu akapiga magoti na jezi yake, akasawazisha udongo kwa kiganja, akitoa vijiwe kimoja kimoja, mpaka giza likaanza. Mimi nilisimama. Sikuwa na la kufanya hata na mikono yangu.

Alikaa siku nyingi hasemi nami ila salamu. Shikamoo haikukosekana hata siku moja, na hiyo ndiyo iliniuma, kwamba alinipa heshima yangu nzima na hakunipa kingine. Alhamisi iliyofuata alikwenda kule kule kwa wazee, akatafuta mwingine. Chuo kikuu kikamchukua. Alihitimu, na picha yake na joho iko sebuleni kwangu, mgeni haruhusiwi kukaa kabla hajaitazama. Leo ni mwalimu, na anafundisha watoto kudaka. Glovu aliniachia siku aliyohama.

Sasa ile khanga nyeusi.

Jumanne wiki iliyopita alikuja na suti yake ya kazini, asubuhi na mapema, siku ambayo si yake. Alinishika mkono akanikalisha kitandani. Akachuchumaa mbele yangu vile vile kama uwanjani, macho yake yakawa sawa na jicho langu moja.

"Bibi, nina habari mbaya. Bibi Mwajuma amefariki jana, Kondoa. Mama, wajomba, wote wamepatana usiambiwe mpaka jicho lipone." Akanibana mkono. "Mimi nakwambia. Wanazika leo."

Mwajuma wangu wa mgongoni. Nililia na jicho zima, nikalia na lile la bandeji ambalo daktari alilikataza. Rajabu hakuninyamazisha. Alikaa amechuchumaa, viganja vyake vimekinga vyangu kwa chini, mpaka nilipomwambia aondoke nikatafute khanga yangu.